Mrejesho: mlango wa karatasi wa tabaka saba sasa umelingana

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini tabaka saba za picha ya mlango wa nakshi, nilizozikata kwa mashine ndogo hapa nyumbani Bagamoyo, zilipishana kingo kila nilipozibandika. Mlioniambia nitazame unyevu mlilenga penyewe. Karatasi hunyonya unyevu na kutanuka, na hutanuka zaidi kwa upana wa nyuzi zake kuliko kwa urefu. Nami, kwa kubana matumizi, nilikuwa nimekata nyingine kwa wima na nyingine kwa ulalo, kisha upepo wa bahari ukamalizia.

Safari hii nimekata zote kwa mwelekeo mmoja, kwenye karatasi ngumu ya gramu 220 kwa mita ya mraba, nikazilaza usiku kucha chini ya vitabu vizito. Gundi ya maji, ambayo ndiyo iliyokunja ua la katikati, nimeiacha. Nimetumia vipande vya tepu ya sponji, nikianzia tabaka ya nyuma na kuegemeza kila moja kwenye kona ya mbao niliyoipigilia mezani.

Kuchokoa vipande vidogo kwa sindano bado kunanichosha. Tabaka ya tano imepishana kwa takriban milimita moja, na aliyeiona ni mke wangu peke yake.