Shule ya umma ya mtaani: mlimwandikisha mtoto au mlimpeleka mbali? Tupeane uzoefu

Wakuu, mwanangu anaanza darasa la kwanza mwakani. Shule ya umma ni dakika tano kwa miguu, ila matokeo yake yameshuka miaka mitatu mfululizo na majirani wanahamisha watoto mmoja mmoja. Naomba waliopitia hili waseme waliyoyaona kwa macho yao.

Mama wa Watatu: Wa kwanza nilimhamisha kwa kufuata wastani tu. Huko alikokwenda, mtoto akilegea mzazi anaitwa, anaambiwa amtafutie shule nyingine kabla ya mtihani wa mwisho. Na mimi niliitwa. Nilitoka ofisini nalia. Kumbe ule wastani mzuri ulikuwa wa waliobakizwa. Wadogo zake wanasoma hapahapa mtaani, na kila Ijumaa nafungua madaftari yao. Nikikuta wiki mbili hazijasahihishwa, nakwenda kwa mwalimu. Kwa adabu, lakini nakwenda.

Mwalimu, miaka 22 darasani: Kwetu fedha za uendeshaji zinafuata idadi ya wanafunzi. Wakiondoka watoto 20 hawatoki darasa moja, wanatoka wawili huku, watatu kule. Huwezi kufunga chumba, na paa linalovuja ni lilelile, ila fungu limepungua. Mwaka unaofuata mwalimu mmoja anahamishwa, mikondo miwili inaunganishwa, matokeo yanashuka tena. Kinachoniuma zaidi ni kwamba wanaotangulia kuondoka ni wazazi waliokuwa wakija vikaoni. Wakishaondoka hao, hakuna wa kumuuliza mwalimu mkuu swali. Mwisho wake tumeuona kwingine: Chicago, mwaka 2013, zilifungwa shule za umma karibu 50 kwa mpigo, na hoja kubwa ilikuwa madarasa yenye nafasi tupu.

Baba Mapacha: Sisi yalitukuta kinyume. Shule ilisifiwa, ikafurika. Pacha mmoja alikaa muhula mzima bila kuulizwa swali, na kusoma hajui. Kule Tennessee, Marekani, kati ya 1985 na 1989 walilinganisha madarasa ya watoto 13 hadi 17 na ya 22 hadi 25. Wa madarasa madogo walifanya vizuri zaidi katika kusoma na hesabu. Mkuu, usiulize wastani peke yake. Uliza darasa la kwanza lina watoto wangapi, na mwalimu wake ana muda gani pale.

Mwanzisha mada: Shikamoo mwalimu, na asanteni nyote. Sikuwahi kufikiria kwamba nikimtoa wangu nawapunguzia na waliobaki. Jumatatu naenda kuomba nikae nyuma ya darasa la kwanza kipindi kimoja cha kusoma, nihesabu na vichwa. Nitaleta mrejesho. Kuna ambaye mtoto wake yuko darasa la pili pale? Naomba tuongozane.