Madaktari wanatukimbia au sisi ndo tuliwaacha stendi?

Wakuu salaam. Juzi kwenye daladala ubishi ulikuwa mkali, mzee mmoja anasema hawa madaktari tunaowasomesha kwa kodi zetu halafu wanapanda ndege kwenda Uingereza na Botswana ni wasaliti tu, wanyimwe vyeti mpaka watumikie miaka 10. Gari zima likamuunga mkono mpaka konda. Mi nilinyamaza, siwezi kubishana nimening'inia mlangoni, ila naleta hapa.

Hivi unamzuiaje mtu asiache kazi ambayo hujampa? Mdogo wangu kasoma udaktari miaka 5, kapiga intern mwaka 1, kapata leseni, halafu kakaa home miaka miwili na nusu. Alikuwa anajitolea hospitali moja ya wilaya, posho laki na nusu na hiyo ni mwezi ikitoka. Koti jeupe lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango pamoja na kanga za mama, asubuhi kabla hajapiga mswaki kashashika simu kuangalia kama nafasi zimetangazwa. Na muda huohuo kituo cha afya kijijini kwetu hakina daktari hata mmoja, wapo tabibu na manesi wawili.

Mnakumbuka 2017? Madaktari wa Kenya walikuwa wamegoma siku 100, serikali yao ikaja kuomba wa kwetu, Magufuli akakubali kutoa 500. Waliopatikana wenye sifa wakawa 258, kule kesi ikaenda mahakamani, safari ikakwama, ndo Magufuli akasema basi hao 258 waajiriwe hapahapa. Nilifurahi ila iliniuma pia, kumbe nafasi zilikuwepo siku zote zinasubiri tugombane na jirani?

—

Mtoa mada, hao ni wangapi wasio na ajira? Tuongelee walioajiriwa wakaondoka. Mkopo wa serikali kachukua, kasoma, kaenda kutibu Wazungu. Mkataba uwepo, asiyetaka alipe hela yote kwa mkupuo. Mbona wanajeshi hawalalamiki.

—

Mkuu hapo juu, mi ndo huyo unayemsema, niko Gaborone, Botswana, mwaka wa 9 na bongo niliacha ajira ya kudumu kabisa. Mkopo? Nilikuwa nakatwa 15% ya mshahara kila mwezi kama mwalimu na mhasibu, wao mbona hamuwawekei mkataba wakienda Dubai?

Mshahara ulichangia sikatai, ila ngoja nikwambie usiku nilioamua. Kaletwa mama ana kifafa cha mimba, dawa yake naijua, ni magnesiamu, kabati halina. Naandika rufaa, ambulensi haina mafuta, ndugu zake wanachangishana kwenye benchi la nje, mmoja anavua saa. Mimi nimesimama na peni mkononi nimesoma miaka yote hiyo na kazi yangu usiku ule ni kuandika karatasi. Mama alipona, Mungu mkubwa, ila mimi kuanzia hapo nilishaondoka kichwani.

Sasa angalia upande wa pili. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilipoanza pale Muhimbili 2015, wagonjwa tuliokuwa tunawapeleka India wakaanza kupasuliwa nyumbani. 2017 Muhimbili wakapandikiza figo. Nina wenzangu wawili walikuwa wameshaanza kuulizia nyumba huku, wakaghairi, wapo bongo mpaka leo wanapiga kazi na hela yao haifiki nusu ya yangu. Daktari anataka kutibu bana.

—

Sawa docta ila Muhimbili ni Dar. Tunduru je? Mimi ni nesi, huku tulipo daktari akiletwa namhesabia miezi. Anakuja bila mke maana mke ni mwalimu kapangiwa mkoa mwingine na uhamisho hautoki, on call (zamu ya kuitwa muda wowote) yuko peke yake siku 30 kwa 30, posho ya on call anadai tangu mwaka juzi. Hayo ya kupandikiza figo acheni kwanza, mlipeni madeni yake na mumletee mwenzake wapokezane, na mke wake.

—

Mtoa mada narudi. Nesi umenigusa, maana mdogo wangu hatimaye aliajiriwa mwezi wa 3, kapangiwa Kigoma vijijini huko, nyumba ya mtumishi kapewa chumba kimoja, sola inafika saa 3 usiku imekata. Anaipenda kazi, ananisimulia wagonjwa wake mpaka nachoka. Jana kanitumia faili WhatsApp, kurasa 212, kumbe maswali ya PLAB, ule mtihani wa leseni ya Uingereza, anasema kusoma kwenye simu chaji haikai nimtolee kopi nimpe dereva wa basi.

Nimeenda stesheneri. Nimetoa pande mbili mbili, ikaja elfu 12.