Mama kaacha wasia wa milioni 9 kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, ndugu tumegawanyika. Naomba ushauri

Mwana wa Pongwe
Habari za humu ndugu zangu. Nipo Tanga. Mama yetu alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Aliacha wasia kwamba kiwanja chake kikiuzwa, theluthi itolewe, na nanukuu alivyosema mbele yetu, "kwa watoto kama wangu, wasipate tabu hii". Kimeuzwa milioni 27, kwa hiyo ni milioni 9.

Mdogo wetu wa mwisho alizaliwa amechoka, alichelewa sana kulia. Baadaye tukaambiwa ni mtindio wa ubongo. Mama alimbeba mgongoni kwenda mazoezi ya viungo hadi miguu ya mtoto ikawa inaburuta chini, na bado akambeba. Mdogo wetu alifariki akiwa na miaka 14.

Ugomvi uko hapa. Kaka mkubwa yuko Muscat, anasema "wasipate tabu" maana yake ni wasizaliwe hivyo, pesa iende kwenye utafiti ijulikane chanzo ni nini. Dada anasema waliopo wanalala njaa, zipewe familia. Mimi nilifikiria viti mwendo kumi, tupige picha, tuandike jina la mama. Nawasilisha.

Mzee wa Chumbageni
Nigawie mimi mkuu, na mimi ni mtoto wa mtu 😂

Mama Pacha
Pole sana kwa msiba mdogo wangu. Ninaye wa miaka 9, pacha mwenzake yuko darasa la tatu. Nikuombe kitu kimoja: viti mwendo vya kupiga picha achana navyo.

Kikundi chetu cha wazazi tuliletewa vinane na wafadhili, na bendera na keki. Vyote vya watu wazima. Mwanangu nikimweka anazama kama nazi kwenye ndoo. Kimoja hivi sasa kinabebea madumu ya maji, na simlaumu mwenzangu, maji pia yanahitajika.

Unataka kujua tabu iko wapi? Nauli. Mazoezi ni mara mbili kwa wiki. Kondakta wa daladala akiona mtoto amekakamaa anasema gari limejaa. Inabidi bajaji, kwenda na kurudi elfu nane. Piga hesabu kwa mwezi kwa mtu anayeuza vitumbua, ambaye siku ya mazoezi vitumbua havikaangwi. Katika kikundi tulikuwa 23, wanaohudhuria mazoezi sasa ni 9. Waliobaki hawajakata tamaa, wamekosa elfu nane. Na baba zao wengi walishaondoka, hilo tuliache.

Fizio wa Pwani
Mama Pacha amemaliza kila kitu. Kiti cha hawa watoto kinapimwa kama nguo: upana wa nyonga, urefu wa paja, kichwa kiegemee wapi. Kikimzidi analalia upande, mgongo unapinda, na uji ukimpalia unaingia kifuani. Watoto wengi tunawapoteza kwa nimonia ya namna hiyo, mtindio wenyewe hauui.

Zimbabwe kuna ufundi wa siku nyingi wa kutengeneza viti vya watoto kwa maboksi na gundi ya unga. Unabandika karatasi tabaka kwa tabaka, unaacha ikauke, inakuwa ngumu kama mbao. Seremala wa mtaani akisimamiwa na mtu wa mazoezi anaweza. Gharama kubwa ni muda.

Jambo la pili ni mafunzo ya walezi. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa vikao 9 vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara 3, na mwendeshaji si lazima awe daktari. Unalipia posho yake, chai na nauli. Nimeona mama akifundishwa tu namna ya kumkalisha mtoto wakati wa kula, mlo wa saa moja na nusu ukawa dakika arobaini.

Dodoso
Mimi nafanya kazi kwenye utafiti wa afya. Milioni 9 haianzishi utafiti wa maana, itaishia kwenye vibali na mafuta ya gari. Lakini kaka msimbeze. Hapo Kilifi, Kenya, ng'ambo tu ya mpaka, watafiti wa KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Wellcome (mfuko wa Uingereza unaofadhili utafiti wa afya) walipita nyumba kwa nyumba kukagua watoto zaidi ya 10,000 wa miaka 6 hadi 9. Majibu yalitoka 2006: 61 katika kila 1,000 walikuwa na tatizo la neva la wastani au kubwa, kifafa kikiongoza. Na kilichojitokeza kwenye vyanzo ni matatizo ya wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo za mtoto. Yaani "alichelewa kulia" ya mdogo wenu. Kabla ya kuhesabiwa, watoto wale hawakuwemo kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Njia ndogo ipo. Wanafunzi wa uzamili wanaoandika tasnifu juu ya watoto hawa hukwama kwenye nauli na posho za wakusanya takwimu. Milioni moja na nusu inamvusha mmoja. Ilipwe kupitia chuo, awe na kibali cha maadili ya utafiti, na mkubaliane kwa maandishi kwamba atarudi kuwaeleza wazazi majibu kwa Kiswahili.

Mama Pacha
Hapo kwenye kurudi. Nimejaza dodoso mara tatu, sijawahi kuambiwa jibu hata moja 😏

Dodoso
Dada, hilo ni kosa letu, sina utetezi.

Ustadh Mstaafu
Katika Uislamu wasia hauzidi theluthi ya mali, hapo mama alikuwa sawa. Lakini nyinyi mnatekeleza wasia, hamuutungi. Kasema "watoto kama wangu", nao ni watoto waliopo. Andikeni mgawanyo, warithi wote watie saini. Kaka mwenye hamu ya utafiti atoe mfukoni mwake huko Muscat, thawabu haitampotea.

Mhasibu wa Zamani
Kama mnayempa pesa ni taasisi, angalia usajili kwa Msajili wa NGO na uombe hesabu za mwaka uliopita. Wakikununia, ondoka. Kama ni kikundi, anza na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, anavijua. Usitoe zote kwa mkupuo, toa kila miezi mitatu ukiona daftari.

Mwana wa Pongwe
Nimemtumia kaka maneno ya Ustadh. Kanyamaza saa nzima, kisha kajibu "haya, mwanafunzi nitamlipia mimi". Dada anacheka hadi sasa.

Kwa hiyo milioni 9 yote ni nauli na vikao vya walezi. Mama Pacha nimekutumia ujumbe faragha, naomba kuja kikundini.

Halafu Fizio, kiti cha mdogo wetu bado kipo stoo. Seremala alikitengeneza alipokuwa na miaka 8, mama akakizungushia kanga pembeni asiumie. Nimekipima sasa hivi, sehemu ya kukalia ina upana wa sentimita 31. Kitamfaa mtu?

Fizio wa Pwani
Njoo nacho. Kanga usiitoe, nataka kuona aliifunga wapi.