Maisha ya kila siku na matembezi ya familia nchini Japani

MwalimuWaJinja aliuliza:

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Jinja, Uganda. Mume wangu yuko Japani, katika mkoa wa Saitama, anasomea shahada ya uzamili kwa ufadhili, na mwezi wa Machi mimi na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miaka saba, tutamfuata. Habari za viza na tiketi nimeshazipata za kutosha. Ninachokosa ni habari za maisha yenyewe. Mume wangu huenda maabara asubuhi na kurudi usiku, kwa hiyo siku nyingi nitakuwa peke yangu na watoto, bila lugha na bila fedha nyingi. Hapa nyumbani nikitaka kutoka, nawapeleka watoto kando ya ziwa, au tunapanda taksi kwenda kwa bibi yao Iganga, na njiani tunasalimiwa na kila mtu. Nimesikia kwamba huko watu hawasalimiani njiani, na kwamba wake wengi wa wanafunzi huishia kujifungia ndani. Naomba wenye uzoefu mniambie: mtu wa hali yangu hutokaje nyumbani, huenda wapi, na ayajue mambo gani ili asiwakere wenyeji?

MamaWawili_Saitama alijibu:

Karibu sana, dada. Nami nilikuja nikimfuata mume wangu, nikiwa na watoto wadogo, na tunaishi mkoa huohuo, kwa hiyo naomba unisamehe nikijibu kwa kirefu.

Kuhusu salamu, ulichosikia ni nusu ya habari. Ndani ya treni hutasalimiwa na mtu, wala watu hawazungumzi kwa simu humo, na simu zote huwekwa bila mlio. Lakini mlangoni, kwenye ngazi za jengo na mbele ya shule, watu husalimiana kila asubuhi, na anayepita kimya huonekana hana adabu kama ambavyo angeonekana kwetu. Mkishahamia, bisheni hodi kwa majirani wa pande mbili na wa chini yenu, mjitambulishe, na muwape zawadi ndogo. Wenyeji huleta taulo ya mkono au biskuti. Wewe njoo na pakiti kadhaa za kahawa ya Mlima Elgon. Dakika hizo chache zitakufaa mwaka mzima, kwa sababu jirani anayekujua ndiye atakayekuonyesha pa kuweka taka.

Na taka, dada yangu, ni jambo la kulichukulia kwa uzito. Kila manispaa hutoa kalenda yake: siku za taka za kuchomwa, siku za plastiki, siku za chupa na makopo, na kwa kawaida hutolewa asubuhi ya siku yenyewe, wala si usiku uliotangulia. Kitu kikubwa kama godoro hakitupwi hivi hivi. Unapiga simu kwanza, kisha unanunua stika ya malipo dukani na kuibandika juu yake. Malalamiko mengi niliyosikia majirani wakiyatoa kuhusu wageni huanzia hapo. Hata mkienda matembezi, bebeni mfuko wa taka zenu, kwani mapipa njiani ni machache mno na kila mtu hurudi na zake nyumbani.

Baada ya kufika mtakuwa na siku 14 tangu kuanza kukaa katika nyumba yenu kuandikisha anwani katika ofisi ya manispaa. Ni kama kujitambulisha kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, huko nyumbani, isipokuwa hapa ni sheria na anwani huandikwa nyuma ya kadi yako ya ukaazi. Siku hiyohiyo jiandikishe bima ya afya ya taifa, ambayo kwa mtu mzima hulipa asilimia 70 ya gharama za matibabu, na uulize kuhusu nafuu ya matibabu ya watoto, maana manispaa nyingi huwalipia karibu gharama yote. Uliza pia shule ya yule wa miaka saba. Mwaka wa shule huanza Aprili, na shule za msingi za serikali huwapokea watoto wa kigeni bila ada ya masomo, kwa hiyo Machi ni wakati mzuri wa kufika.

Sasa matembezi. Lililonitoa mimi ndani si bustani maarufu wala mnara wa Tokyo, bali jidokan, yaani nyumba ya watoto ya manispaa. Kwa kawaida kuingia ni bure; mna vitabu, vyombo vya kuchezea na ukumbi wa kukimbilia, na asubuhi, wakubwa wakiwa shuleni, hujaa akina mama wenye watoto wa umri wa huyo mdogo wako. Wanawake wale hawakuweza kuzungumza nami mwanzoni, lakini watoto walicheza, na watoto wakicheza akina mama hawawezi kukaa kimya milele. Humo ndimo nilimojifunza maneno yangu ya kwanza ya Kijapani, na humo ndimo nilimoelekezwa kwenye darasa la lugha linalofundishwa na watu wa kujitolea katika ukumbi wa mtaa. Usisubiri ujue lugha ndipo utoke.

Mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili maua ya mcheri huchanua, na familia hutandika mikeka chini ya miti na kula chakula walichopika nyumbani. Nendeni Omiya Park, hapo hapo Saitama. Ndani yake mna bustani ndogo ya wanyama isiyo na kiingilio. Karibu na Omiya kuna pia Jumba la Makumbusho la Reli, lililofunguliwa mwaka 2007, na mtoto yeyote anayependa magari atakushukuru. Kawagoe nayo ni mji wa maghala ya kale yenye kuta nyeusi na mnara wa kengele wa mbao, na kuutembelea kwa miguu hakukugharimu chochote. Mkitaka kwenda mbali zaidi, Bustani ya Wanyama ya Ueno, iliyofunguliwa mwaka 1882 na ambayo ndiyo ya kwanza nchini humu, iko mwendo wa treni moja kutoka Omiya, na watoto wa shule ya msingi na wadogo zao huingia bure. Katika treni huyo wa miaka minne halipiwi, na wa miaka saba hulipa nusu ya nauli. Mchukulie kadi yake ya nauli kwenye dirisha la kituo ukiwa na hati yenye tarehe yake ya kuzaliwa. Epukeni tu treni za asubuhi, kati ya saa moja na nusu na saa tatu, kwa sababu msongamano wake hauwafai watoto.

AliyekuwaFukuoka alijibu:

Nakubaliana na aliyenitangulia, ila kwa kuwa umeomba uzoefu, nadhani ni haki uambiwe na yale yasiyopendeza. Mimi nilisoma Fukuoka na sasa nimerudi Gulu.

Kuna siku utakaa kwenye treni iliyojaa na kiti cha pembeni yako kitabaki wazi. Kuna siku askari atamsimamisha mumeo njiani na kumwomba kadi ya ukaazi bila kosa lolote. Kisheria kila mgeni mkaazi mwenye umri wa miaka 16 na zaidi lazima awe na kadi hiyo wakati wote, kwa hiyo asitoke bila kuibeba, hata anapokwenda kununua mkate. Anapoulizwa aitoe kwa utulivu, na ana haki ya kuuliza kwa upole sababu ya kusimamishwa. Katika nyumba za kupanga hali ni ngumu zaidi. Wizara ya Sheria ya Japani ilipofanya uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017, karibu asilimia 39 ya wageni waliokuwa wametafuta nyumba walisema waliwahi kukataliwa kwa sababu tu ni wageni. Nami nilikataliwa, na iliniuma. Mkihitaji kuhama, tazameni nyumba za shirika la umma la UR, ambazo hazidai mdhamini wala ile fedha ya shukrani anayopewa mwenye nyumba na isiyorudishwa. Nayasema haya ili siku yakikukuta usidhani kosa ni lako, na usiyafanye sababu ya kukaa ndani.

Dawa yangu ilikuwa baiskeli. Nunueni iliyotumika, yenye kiti cha mtoto nyuma, na hakikisheni imeandikishwa kwa jina lenu, kwa sababu askari hukagua namba hiyo. Barabarani watu hupita kushoto kama kwetu, jambo linalorahisisha mambo, lakini sahau tabia za bodaboda: kumpakia mtu mzima ni marufuku, kushika simu ni marufuku, kushika mwavuli mvua ikinyesha ni marufuku. Mtoto wa miaka minne anaruhusiwa kwenye kiti chake. Wa miaka saba, kwa kuwa ameshafika umri wa shule, aendeshe yake. Nanyi nyote mvae kofia za usalama. Wala msiiache baiskeli popote karibu na kituo cha treni, maana itabebwa na mtalipa kuikomboa.

Na kama unapenda milima, panda milima. Mlima Takao, magharibi mwa Tokyo, una mita 599 tu na treni hukufikisha chini yake kwa muda usiofika saa moja kutoka kituo cha Shinjuku. Njiani kila unayepishana naye atakuambia "konnichiwa", mzee na kijana, mgeni na mwenyeji. Mimi niliyelelewa Acholi, ambako kumpita mtu bila salamu ni aibu, nilijisikia mtu tena siku ya kwanza nilipopanda mlima huko. Ile tiketi maarufu ya Japan Rail Pass usiihesabu, kwa kuwa ni ya watalii na mkaazi wa kigeni haruhusiwi kuitumia. Mabasi ya usiku ndiyo rafiki wa mwanafunzi.

BintiArua_Kobe alijibu:

Nyongeza mbili tu, moja ya chakula na moja ya matetemeko.

Mimi ni Mwislamu, na matembezi yangu ya mwanzo yalikuwa magumu kwa sababu mafuta ya nguruwe na mvinyo wa kupikia vimo hata katika vyakula usivyovidhania. Sasa nasoma lebo, na nabeba chakula changu, jambo ambalo hapa si aibu hata kidogo. Kobe tuna msikiti wa kwanza kujengwa Japani, wa mwaka 1935, uliosalimika katika mabomu ya vita na katika tetemeko la mwaka 1995. Karibu na kwenu, jijini Tokyo, kuna msikiti wa Tokyo Camii, na hata asiye Mwislamu hukaribishwa kuutazama. Sijaona jengo zuri zaidi jijini humo. Kwa chakula cha nyumbani, nendeni Shin-Okubo, mtaa wa Tokyo, ambako maduka ya halali huuza maharage na viungo vya kila aina kwa bei nafuu, na wakati mwingine unga wa mahindi wa posho, yaani ugali. Matoke yasahau. Ndizi zinazojaa madukani ni za kuiva na nyingi hutoka Ufilipino. Usijaribu kubeba nyama au matunda mabichi kutoka nyumbani, kwani ukaguzi wa uwanja wa ndege ni mkali.

Kuhusu matetemeko, mara nyingi simu hulia kwa mlio wa kutisha sekunde chache kabla ya mtikisiko mkubwa. Waonyeshe watoto mapema mahali pa kukimbilia, ambapo mara nyingi ni shule ya mtaa. Kila tarehe 1 Septemba, kumbukumbu ya tetemeko la mwaka 1923, na siku zinazoikaribia, mitaa mingi hufanya mazoezi. Nendeni. Watoto huyafurahia, na wazee wa mtaa hufurahi kumwona mgeni akishika ndoo pamoja nao. Namba ya gari la wagonjwa na zimamoto ni 119, na ya polisi ni 110.

MwalimuWaJinja aliandika:

Asanteni sana, ssebo na bannyabo (bwana na mabibi). Nimemsomea mama yangu majibu yenu yote, naye ameuliza mawili: baridi, na saa za kupigiana simu.

MamaWawili_Saitama alijibu:

Mwambie mama asihangaike na hesabu ya saa. Japani iko mbele ya Uganda kwa saa sita kamili, kwa hiyo namba inayoonyeshwa na saa yetu ya ukutani ndiyo saa ya Kiswahili iliyopo huko nyumbani. Ikionyesha 2 mchana hapa, Iganga ni saa mbili asubuhi. Ikionyesha 9 usiku, huko ni saa tisa alasiri. Sisi hupiga Jumapili kwenye hiyo 9, watoto wakiwa wameshaoga na bibi yao ametoka kanisani.

Jua ndilo litakalowashangaza zaidi. Kwetu hutoka na kutua karibu saa ileile mwaka mzima, lakini hapa mwezi wa Juni linachomoza kama saa kumi na nusu alfajiri, na Desemba giza linaingia saa kumi na moja jioni. Mitaa mingi ina vipaza sauti vinavyopiga wimbo jioni, na ukisikika, watoto huacha kucheza na kwenda nyumbani. Wa kwenu wazoeshwe hivyo tangu wiki ya kwanza. Kwa mwezi wa Machi, masweta mawili mawili na jaketi kutoka soko la Owino yatawatosha. Makoti mazito mtayanunua huku ifikapo Novemba, kwenye maduka ya mitumba, ambako ya watoto ni mengi, safi na ya bei nafuu, kwa kuwa watoto wa hapa nao hukua haraka.