Aliyeshikwa na kete moja: lokapu au kliniki?

Mleta mada: Wakuu, Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini, Februari 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata. Serikali inanunua dawa, halafu polisi wanamshika mgonjwa akiwa njiani kwenda kuinywa. Teja akikutwa na kete moja, yaani kipakiti kimoja cha heroini, aanzie wapi?

Afande: Lokapu. Kukutwa na unga ni kosa, na askari hana mamlaka ya kusamehe mtu mtaani. Akimwachia, kesho ataulizwa amepewa shilingi ngapi. Tena wauzaji wadogo hutembea na kete mbili tatu tu, nyingine wameficha. Wakishikwa, wote wagonjwa.

Mfamasia: Afande, hoja ya rushwa ni nzito, sibishi. Lakini angalia muda. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili ukikosa dawa uliyoizoea, huanza ndani ya nusu siku. Ya methadoni huchelewa siku moja hadi mbili. Aliyeshikwa Ijumaa mchana, Jumamosi anaonekana mzima. Jumapili anaharisha, anatapika, maungo yanamuuma, na askari wa zamu anadhani anaigiza. Kama yuko kwenye dawa za TB zenye rifampisini, huwahi zaidi, kwa sababu dawa hiyo huimaliza methadoni mwilini haraka.

Akikosa dozi siku tatu mfululizo, kwa kawaida hupunguziwa, mara nyingi nusu. Zikipita tano anaanza upya, miligramu 30 au chini ya hapo, kisha anapandishwa taratibu kwa wiki kadhaa hadi 60 na kuendelea. Wiki hizo ndizo zinazomrudisha kijiweni, na mwili wake umeshapoteza ustahimilivu: kiasi alichokizoea zamani sasa kinaweza kumkata pumzi. Mahabusu wanaotoka hufa hivyo, jamani!

Afande: Nipe utaratibu, si huruma. Nikimpa dawa akafia mikononi mwangu?

Mfamasia: Usimpe wewe, na usipokee chupa kutoka kwa ndugu, hujui ina nguvu kiasi gani. Piga simu kliniki, wana kumbukumbu ya dozi yake ya mwisho. Asubuhi mpeleke chini ya ulinzi, anywe mbele ya muuguzi, aongee baada ya kumeza ili ijulikane hajaificha mdomoni, umrudishe. Kesi yake iendelee.

Wakili: Hofu ya askari kuamua peke yake Ureno waliitatua kwa mizani. Tangu Julai 2001, mwenye dawa za matumizi yake zisizozidi za siku kumi, kwa heroini gramu 1, hashtakiwi. Polisi bado anamsimamisha na kuzichukua, kisha anampa wito afike mbele ya tume ya watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii, si mahakama, ndani ya saa 72. Ushahidi wa kuuza ukiwepo, uzito mdogo haumwokoi.

Afande: Mizani naikubali, mradi kiwango kiandikwe kwenye sheria, kisiwe waraka wa mkuu wa kituo. Ila huo wito wa saa 72, teja asiye na makazi atafuatwa wapi?

Mfamasia: Palepale kliniki. Anayekunywa methadoni huja kila siku. Wito upelekwe dirishani kwake.

Wakili: Na ambaye hajaandikishwa?

Afande: Hao ndio wengi tunaowashika.