Tupeane uzoefu: mafuta yalipopanda, kwako nini kilibadilika?

Mzee wa Kitunda
Wakuu habari za jioni. Leo Jumanne, kesho ndo Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wale wanaopanga bei ya mafuta, wanatoa bei mpya. Sheli ya jirani hapa foleni imeshatoka mpaka barabarani, kila mtu anawahi asije akaamkia bei nyingine. Nimekaa barazani nawaangalia nikakumbuka yaliyonikuta 2022, nikaona nianzishe uzi tupeane uzoefu.

Mimi sina gari na sijawahi kuwa nalo. Kwa hiyo vita ya Ukraine ilipoanza Februari 2022 na mafuta yakaanza kupaa, nilikuwa mstari wa mbele kuwacheka wenye magari kazini. Mei petroli ya Dar ikafika 3,148 kwa lita, kuna jamaa alikuwa anakuja na gari akizima kiyoyozi vioo vyote chini, nikawa namwita konda. Nilicheka wiki mbili tu. Mwezi huohuo nauli zikapanda, ya 400 ikawa 500, ya 450 ikawa 550. Mimi napanda mbili kwenda, Kitunda mpaka Banana halafu Banana mpaka Kariakoo, na mbili kurudi. Mia nne kwa siku, siku 26 za kazi ni 10,400, na mshahara haukusogea hata shilingi, hiyo ndo ilikuwa hela ya umeme ya nyumba nzima.

Nikaamua Kitunda mpaka Banana natembea. Alfajiri mko wengi, mnapiga stori, unafika hujachoka. Tatizo likaja viatu. Soli zilikwisha mbili ndani ya miezi mitatu, nikipiga hesabu naona nauli niliyookoa nampelekea fundi viatu pale Banana, yeye ndo kapata faida ya vita ya Ukraine kuliko mtu yeyote ninayemjua. Juni serikali ikaweka ruzuku ya bilioni 100, bei ikashuka kidogo, Agosti ikarudi juu mpaka 3,410. Nauli wala haikuhangaika kushuka, ilikaa palepale.

Haya leteni ya kwenu. Siasa tuiache kidogo, nataka ya jikoni na barabarani.

Bajaji Tabata
Mkuu umenikuta pabaya, naandika nikiwa foleni ya gesi Ubungo na mbele yangu naona bajaji na magari kama 30. Nikisogea nitaandika vizuri.

Kiongozi Msaidizi
Mbona mnalialia sana, wenye magari si wauze wapande daladala tu maisha yaende.

Konda Mstaafu
@Kiongozi Msaidizi kwani daladala inakunywa maji?

Mimi nilikuwa konda mpaka mwaka jana, naomba niseme ukweli mnitukane mkimaliza. Watu walidhani nauli imepanda tukashiba. Bosi alipandisha hesabu, ile hela tunayompelekea kila siku, siku hiyohiyo, na mafuta ni juu yetu mimi na dereva, kwa hiyo ile mia ilikuwa inapita mkononi tu. Tulichofanya ndo hicho mnachokilalamikia, kukata ruti. Gari imeandikwa inafika mbali, sisi tunageuzia njiani tukiona abiria wamebaki watano, maana kuwapeleka watano mpaka mwisho na kurudi mtupu ni kuchoma mafuta ya watu kumi.

Na wanafunzi. Nauli yao ilibaki 200. Piga hesabu mwenyewe, wanafunzi 15 ni 3,000, na lita moja Agosti ile ilikuwa 3,410. Hao 15 wamejaa nusu ya gari na hawajanunua lita. Kwa hiyo ndo yale, ukiona sare unasimamisha gari mbele ya kituo au nyuma ya kituo ila sio kituoni. Wakajifunza na wao, wanavaa sweta juu ya shati la shule, begi wanampa mtu mzima awashikie, mwanafunzi akishakaa ndo anatoa mia mbili anakuangalia usoni. Kuna mmoja wa pale Mombasa ya Ukonga alinifanyia hivyo wiki nzima na kila siku nilikuwa naingia mkenge. Nilikuwa nakasirika ila usiku nikikumbuka nacheka peke yangu. Sijivunii hayo mambo.

Binti wa Namtumbo
Mimi ni wa mashine. Mama yangu ana mashine ya kusaga ya dizeli kijijini huku Ruvuma, umeme umefika ila sio upande wetu. Dizeli ilipopanda mama alichelewa wiki mbili kupandisha bei ya kusaga kwa aibu, wateja wote ni majirani na ndugu, mwisho akapandisha. Hakuna aliyegomba. Ila ukikaa pale mlangoni unaona. Aliyekuwa analeta debe anakuja na sado mbili. Mtoto anatumwa na kisado kimoja anasema mama kasema hiki kwanza.

Halafu watu wakaacha sembe. Sembe unalipa mara mbili, kukoboa na kusaga, dona unasaga mara moja umemaliza. Kijiji kizima tukarudi dona, mpaka wale waliokuwa wanasema dona ni ya shule. Wazee walifurahi wakasema mnaona sasa mnakula chakula. Lakini hapo pia kuna mtu anaumia ambaye humuwazii. Ukikoboa unabaki na pumba, na pumba ndo chakula cha nguruwe na kuku. Watu hawakoboi, pumba hamna, bei ya pumba ikapanda, mjomba wangu ana nguruwe saba akauza wanne kabla hawajakomaa kwa bei ya kutupa. Mtu hana gari hana pikipiki, hata mashine hana, mafuta yamemfuata mpaka bandani.

Mzee wa Kitunda
@Binti wa Namtumbo hii ya pumba sikuwahi kuifikiria kabisa. Mjomba alirudi kwenye nguruwe?

Binti wa Namtumbo
Alirudi ila anawapa majani ya viazi na machicha. Wamekonda.

Paki Moja
Gari yangu nimeipaki, kuku wanatagia chini yake. Nilisema naipaki mwezi mmoja bei ishuke. Betri ikafa, tairi zikakaa chini, sasa nikitaka kuitoa nahitaji hela kuliko hiyo ya mafuta niliyokuwa naikimbia. Ushauri wangu, hata kama huendi popote iwashe kila wiki.

Ila kuna kitu nilijifunza, kabla ya kuipaki nilikuwa nabeba wafanyakazi wenzangu watatu bure. Nikawaambia jamani tuchangie mafuta elfu mbili mbili kwa siku. Wawili wakaanza kuniambia wanaamka mapema siku hizi, watakuwa wanatangulia.

Boda Kyerwa
Nyie wa Dar mnaongelea bei ya bandarini hapo. Mafuta yanashukia Dar, Tanga na Mtwara, njooni Kagera mwisho huku Kyerwa muangalie jedwali la EWURA, mara nyingi sisi ndo tunaongoza nchi nzima kwa bei kubwa. Na hiyo ni ya sheli. Ukiwa kijijini sheli iko mbali, unanunua ya kwenye chupa kwa mama wa duka, hapo bei ni yake na kipimo ni chake.

Mimi kilichobadilika ni abiria. Zamani mtu mmoja anapanda mwenyewe anaenda gulioni. Bei ilipopanda wakawa wanasubiriana, wanakuja wawili na mtoto, mshikaki, wanagawana nauli. Ukikataa wanaenda kwa mwenzio. Ukikubali trafiki yuko njiani. Na tairi ya nyuma inalika kama sabuni. Lakini wagonjwa ndo walikuwa wananiumiza, mtu anakupigia usiku mama ana uchungu unamwambia bei anakaa kimya kwenye simu, ule ukimya mimi siwezi kuuelezea, unaenda tu unasema utalipa kahawa ikivunwa. Kuna wawili bado nawadai, wanakwepa njia yangu, na sijawahi kuwauliza.

Bajaji Tabata
Nimesogea, zimebaki kama 18. Sasa niseme yangu. Petroli ilivyofika 3,400 nilikuwa nafanya kazi kwa ajili ya sheli. Hesabu ya bosi elfu 20 kila siku, mafuta yanakaribia hapohapo, mimi nabaki na chai. Nikamshawishi bosi tufunge mfumo wa gesi, kilo wakati huo ilikuwa 1,550 na inakwenda mbali kuliko lita ya petroli. Kweli hela ikaonekana.

Ila sasa nalipa kwa usingizi. Vituo vya gesi ni vichache, watu waliofunga ni wengi, foleni masaa matatu mpaka manne. Mke wangu mwanzo alikuwa hanielewi, kila siku nasema nipo foleni ya gesi saa sita usiku, ilibidi siku moja nimpakie nije naye. Alikaa saa moja akaniambia nimekuamini nirudishe nyumbani, nikamwambia nikitoka hapa napoteza nafasi, akalala kwenye siti mpaka saa tisa. Mwanangu ananiona Jumapili tu. Kwa hiyo mtu akiniuliza gesi ni nafuu nashindwa kumjibu haraka.

Mama Likoni
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu bei yatangazwa tarehe 14 kila mwezi, na tarehe 14 Septemba 2023 siisahau, petroli ya Nairobi ilipita mia mbili, 211.64, na mafuta ya taa 202.61. Serikali ilikuwa ishatoa VAT ya mafuta asilimia 8 hadi 16 Julai ile. Wenye magari walipiga kelele sana redioni. Sisi wa stovu nani alitusikia? Mafuta ya taa ndiyo ya maskini, nilikuwa nanunua ya kupima jioni napika na watoto wasomea taa ileile.

Nikarudi kwa makaa, mkebe mmoja nautumia kwa hesabu. Maharagwe nachemsha mara moja kwa siku tatu, wageni wakija ghafla wanywe maji. Chapati nilisitisha mpaka Idi. Na msifikiri matatu ni kama daladala zenu zenye nauli ya kupangwa, huku konda aamua mwenyewe, mvua ikinyesha apandisha, mafuta yakipanda apandisha, yakishuka husema hajasikia. Feri ndiyo afueni, wa miguu twavuka bure, basi nikawa navuka nikitoka feri natembea hadi Mwembe Tayari. Wallahi nilipungua kilo, majirani wakauliza kama niko sawa.

Mchaga wa Mabibo
Krismasi 2022 ndo ya kwanza sikwenda Moshi tangu nizaliwe. Tuko watano, nauli kwenda na kurudi ilikuwa inazidi mshahara. Mama hakusema kitu, akapakia ndizi na maparachichi kwenye basi nikazipokea stendi ya Magufuli. Ndizi zimesafiri mimi sijasafiri.

Mvuvi wa Ukara
Ziwa Victoria nako. Mtumbwi wa dagaa tunatoka jioni kwenye giza, mashine inakunywa petroli imechanganywa na oili. Utaratibu wetu mafuta yanatolewa kwanza kwenye mauzo, kinachobaki tajiri mwenye mtumbwi anakata nusu na sisi wavuvi tunagawana nusu. Kwa hiyo mafuta yakipanda tajiri anapungukiwa ila halali njaa, sisi sita tunaogawana nusu ndo tunaona. Kuna usiku nilirudi na dagaa za mboga tu.

Tukaanza kwenda kwa mashine na kurudi kwa tanga. Upepo ukiwepo raha. Usipokuwepo unaona nchi kavu kwa mbali saa mbili asubuhi na jua linapanda na dagaa bado ziko ndani ya mtumbwi, zikianza kulainika mnunuzi anakupa bei ya chakula cha kuku. Vijana wa sasa hawajui hata kufunga tanga, ilibidi tumuombe mzee mmoja aliyekuwa ameshastaafu kuvua aje atufundishe, na yeye akataka mgao kama sisi. Tukampa.

Kiongozi Msaidizi
Nimesoma yote. Naifuta ile ya kuuza magari.

Mzee wa Kitunda
Hapa sheli wameweka kamba, wanasema yamekwisha. Kuna mtu anasukuma gari kurudi nyumbani. @Bajaji Tabata umefika wapi huko?

Bajaji Tabata
Zilibaki mbili mbele yangu. Katoka mhudumu anasema presha imeshuka, tusubiri, hajasema mpaka saa ngapi.