Naomba ushauri: Mkoani hadi Ngezi kwa baiskeli

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi wa Unguja, nimezoea barabara tambarare za Paje na Makunduchi. Mwezi ujao inshaallah navuka Pemba na baiskeli yangu ya mbio: Mkoani, Chake, Wete, nimalizie msitu wa Ngezi.

Safari iliyopita njia ya zamani ya Chake kwenda Wete ilinitoa jasho. Mlima, bonde, mlima tena, na kwenye kona karafuu zimeanikwa juu ya majamvi pembeni mwa lami. Nilishika breki mpaka vidole vikaingia ganzi, nikihofia kukanyaga jasho la watu.

Gia yangu kubwa ya nyuma ina meno 25 tu. Nifunge ya 32? Na wenyeji, asubuhi njia ipi ina gari chache?